Kiti cha Ng'washi

Jumanne, 5 Novemba

Nimechaguliwa. Jina langu limetoka la kumi na tisa kati ya ishirini na nne: Yustina Hilari, mhudumu wa afya wa kitongoji, Usinge. Mafunzo ni ya miezi minne, yote kwenye simu, namna ya kuwasaidia wazazi wenye watoto wenye ulemavu huko huko majumbani mwao. Ujumbe niliusoma mara tano nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ghala la tumbaku, maana pale ndipo mtandao unaposhika. Nilipogeuka nikakuta baiskeli yangu nimeilaza katikati ya njia na watu wanaizunguka.

Baba aliniuliza mafunzo hayo yataniongezea nini. Nikamjibu cheti. Sikumwambia kwamba dada Advera ameshaniulizia kazi kwenye kituo cha kulea watoto kule Kanyenye, Tabora mjini, na kwamba mwenye kituo anamtaka mtu mwenye cheti, mwisho Machi. Nina miaka ishirini na saba. Nimezaliwa hapa, nimelima tumbaku hapa, na barua ya kukataliwa chuo cha uuguzi nimeipokelea hapa. Masika haya yawe ya mwisho kuninyeshea nikiwa Usinge.

Ijumaa, 8 Novemba

Wingu limetanda kutwa nzima, halikushusha hata tone. Joto la kukosesha raha.

Alhamisi, 14 Novemba

Darasa la kwanza. Mwalimu wetu anaitwa Benedikta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anakaa Ipuli, Tabora mjini. Sauti yake ni nzito na haina haraka, na nyuma yake jogoo wa jirani anawika saa kumi za jioni kana kwamba ndiyo kumekucha. Kila Alhamisi saa hiyo atazungumza nasi moja kwa moja. Siku nyingine atatuma video fupi na maswali. Kila mwanafunzi anatakiwa awe na familia tatu za kutembelea.

Mbili nimeshazipata. Ya tatu nilielekezwa na Majidi wa dukani, ninapochajia simu. "Nenda ng'ambo ya mto kwa Lugembe," alisema. "Wana mtoto hawamtoi nje. Miaka minne sasa, wengine humu hawajui kama yupo."

Jumamosi, 16 Novemba

Nimewaona. Lugembe mwenyewe hakuwepo, alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Ni Wasukuma waliohamia kutoka Igunga, na Kisukuma chao na Kinyamwezi changu vinaelewana vizuri tu. Mke anaitwa Kabula. Mrefu, mkimya, mtu wa kukujibu neno moja pale ulipomwuliza maneno kumi. Mtoto ni wa kike, Ng'washi. Uchungu wa kumzaa ulichukua siku mbili, akazaliwa bila kulia. Ni mtindio wa ubongo, sikuhitaji kuambiwa: miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, mikono imekunjika ngumi. Macho lakini ni ya mtu anayekujua.

Nilimkuta Kabula anamlisha uji. Alikuwa amemlaza ubavu mapajani, ananywesha kwa kijiko kidogo, tone kwa tone. Nikamwambia, "Mama Ng'washi, ukimlisha amelala hivyo unampalia mwenyewe. Uji unaingia kwenye mapafu."

Aliniangalia. "Sawa, dokta," akasema.

Nilirudi nimefurahi. Familia ya tatu hiyo, tena ngumu kuliko zote. Mwalimu alisema kazi ngumu ndiyo inayoonyesha mtu.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Tumepanda miche ya tumbaku tangu asubuhi hadi mgongo ukakataa. Nimekosa masomo mawili.

Alhamisi, 5 Desemba

Somo la leo: ulishaji. Mtoto aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, subiri ameze. Mwalimu ametuma na video ya kiti cha pembe: mbao mbili zinakutana nyuma kama kona ya nyumba, mtoto anakaa katikati, miguu ameinyoosha, mbele kibao cha kuwekea mikono. Vipimo vyote vimeandikwa. Nilimpelekea fundi Mabruki hapo hapo. Alinitazama akasema, "Dada Yustina, wewe hujazaa na unatengeneza viti vya watoto." Aliniambia kwa utani, lakini watu wanalisema hilo hata bila utani: atatufundishaje kulea, yeye amemlea nani?

Jumatano, 11 Desemba

Kiti nimekifunga kwenye keria ya baiskeli nikavuka nacho mto, maji yakinifika magotini. Kimetoka kizuri, Mabruki amekipiga msasa hata chini kusikoonekana.

Tulimkalisha Ng'washi. Mara ile ile mwili ukakaza, mgongo ukapinda kama upinde, kichwa kikaenda nyuma, akalia. Kabula akataka kumtoa nikamzuia. "Atazoea," nikamwambia.

"Na shingo je?"

"Atazoea, mama. Wataalamu wamesema hivi. Ukiendelea na ule mtindo wako, siku utakapompalia utakuja kunilaumu mimi?"

Akainamisha macho. Ng'washi alikula vijiko sita, vitatu vikarudi. Nikaandika: mama amepokea kiti vizuri.

Jumamosi, 14 Desemba

Palizi. Baba anakohoa. Sina la kuandika.

Alhamisi, 19 Desemba

Kazi ya kupimia imetolewa. Kila mmoja atume video ya dakika tatu, mzazi anamlisha mtoto nyumbani kwa njia tuliyofundishwa. Mwisho tarehe kumi Januari. Mzazi aelezwe na akubali kwanza, ndipo utie alama kwenye kisanduku cha ridhaa. Familia zangu nyingine mbili hazifai: moja mtoto wake ni kiziwi tu, anakula kuliko mimi, na ile nyingine wamehamia Urambo kwa bibi wa mtoto.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimemwomba Kabula. Amekataa. "Baba yake hataki mtoto apigwe picha." Nikamweleza kwamba wataangalia wanafunzi wenzangu tu. Akasema, "Baba yake hataki." Nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akainuka kwenda kuwapa kuku pumba.

Nimerudi na hasira. Lugembe nimemwona mara moja tu, mwembamba, kofia ya pama, alinipita bila neno. Ndiyo hao wanaomficha mtoto kwa aibu, halafu mama naye anabaki kutetemeka.

Jumatano, 25 Desemba

Misa, mvua, pilau. Dada Advera alipiga kutoka Kanyenye, nyuma yake nikasikia magari na watu wa madukani. Akaniambia mwenye kituo ameuliza tena. Nimeshinda nikizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatano, 8 Januari

Nimepata video.

Niiandike ilivyokuwa, maana hapa hasomi mtu. Niliegemeza simu kwenye mkoba wangu, kamera nje, nikajifanya natafuta kipimajoto. Kabula alikuwa ameupa mlango mgongo, anamlisha Ng'washi kwenye kiti. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Mtoto alikuwa amevaa fulana tu kwa sababu ya joto. Nikafika kwenye ngazi za ghala, nikaituma, nikatia alama kwenye kisanduku.

Haidhuru mtu. Ni ya darasani.

Alhamisi, 9 Januari

Mwalimu Benedikta amenitaja mbele ya wote. "Tazameni kiti cha Yustina, tazameni pembe, tazameni kibao. Hii ndiyo kazi." Wenzangu wamenimiminia vidole gumba kwenye kundi. Mmoja wao, Emilian, yeye yuko upande wa Kaliua, ameandika: huyu mtoto amenitoa machozi. Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Jumanne, 14 Januari

Mvua siku ya nne. Mto umejaa, sijavuka.

Jumamosi, 18 Januari

Majidi ameniita pembeni. Mkewe ametumiwa video kwenye kundi la kwaya: mtoto mlemavu kwenye kiti cha mbao, chini yake maneno, "Ndugu, tumwombee malaika huyu anayeteseka." Mkewe ameijua ile nyumba.

Nilikwenda kwenye ngazi za ghala nikampigia Emilian, yule wa machozi. Hakukana. Alisema aliituma kanisani kwao tu, kwa nia njema, watu waombe. Nikamwambia aifute. "Nimeshafuta kwangu," akasema, "lakini dada, walionayo siwajui."

Jumanne, 21 Januari

Lugembe amekuja. Nilikuwa nafunga tumbaku ya kwanza kwenye fito na baba, kando ya bani la kukaushia. Alisimama mbali, akavua kofia kwa ajili ya baba, akaamkia, akapewa kigoda, hakukaa.

"Wewe ndiye uliyemchukua mtoto wangu?"

Nikasema sijamchukua, yuko kwa mama yake.

"Umemchukua. Nilikuwa mnadani, mtu wa Urambo nisiyemjua akanionyesha simu. Binti yangu yuko mle, hana nguo ya chini. Akaniambia, mwangalie huyu maskini. Nikamwambia ndiyo, maskini." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayebeba maji asimwage. "Alipokuwa na mwaka mmoja tulimpeleka kwa waganga wawili. Wote walimvua nguo mbele ya watu wamwonyeshe. Baadaye akaja mwinjilisti, akamnyanyua juu kwenye mkutano, watu wakapiga kelele naye analia. Siku ile nilimwahidi hatatazamwa tena na mtu asiyemjua jina. Sasa wewe umemtoa nje ukampeleka nisikojua, na mimi siwezi kwenda kumrudisha."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimeshika fito, majani yananinatisha mikono, sikupata pa kuifutia.

"Usivuke tena mto," akasema Lugembe. Akamuaga baba, akaondoka.

Baba aliendelea kufunga majani mpaka fito zote zikaisha. Kisha akauliza, "Walikukubalia?" Nikasema hapana. Akaingia ndani ya bani.

Nilifikiri ni mtu mwenye aibu na mtoto wake. Nimelifikiri jambo hilo miezi miwili bila kumwuliza.

Alhamisi, 23 Januari

Nimemwambia Mwalimu Benedikta. Nilimpigia kabla ya darasa, nikalisema lote kwa pumzi moja.

"Ulitia alama ya ridhaa," akasema.

"Ndiyo."

"Nani alikupa?"

"Hakuna."

Nyuma yake yule jogoo wa jirani akawika. "Nitakutoa kwenye orodha ya cheti," akasema. "Kwenye kundi sitakutoa. Leo nitawaambia wote wafute, na nitawaeleza kwa nini, jina lako sitalitaja lakini watajua. Mimi nitawaandikia wakubwa wa mradi. Na wewe utakwenda kwa wazazi hao uwaeleze ulichofanya, bila kujitetea. Wasipofungua, waelezee nje."

"Amenikataza nisivuke."

"Basi tuma mtu aombe. Akikataa, kaa. Akikubali, nenda."

Darasani alizungumza kwa nusu saa juu ya neno hapana. Sikulia. Nilikuwa natikisa mguu mpaka kisigino kikaniuma kwa kugonga ngazi.

Jumapili, 26 Januari

Majidi alikwenda kuniombea. Lugembe alikubali nifike hadi kwenye uzio wa miiba, nisiingie. Nilisimama mvuani nikasema: niliombwa nisipige picha nikapiga, nikadanganya kwamba mmekubali, nimenyimwa cheti na nastahili. Lugembe alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Kabula alikuwa mlangoni, sikuuona uso wake vizuri. Nikaomba radhi.

"Umemaliza?" akauliza Lugembe. Nikasema ndiyo. "Haya."

Nyuma ya Kabula, ndani, nilikiona kile kiti, na kibao chake kimechafuka uji. Nilijisikia vizuri kidogo kwamba angalau hicho bado wanakitumia.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua.

Jumanne, 4 Februari

Mvua. Tumbaku inaoza shambani. Nimegombana na baba juu ya ndoo.

Jumapili, 9 Februari

Misa. Watu wanageuka kunitazama, labda ni mimi tu. Dada Advera ameuliza cheti kinatoka lini. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Jumamosi, 15 Februari, kituo cha afya, Usinge

Juzi alfajiri niliamshwa na sauti uani. Lugembe, amelowa mpaka kiunoni. Hakunizungusha. "Mtoto anapumua vibaya. Njoo na ile saa yako ya kuhesabia pumzi."

Nilichukua mkoba. Njiani alinionyesha pa kukanyaga mtoni, maji yalikuwa yanatuvuta mapajani.

Ng'washi alikuwa mikononi mwa mama yake, midomo imefifia, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta. Nilihesabu pumzi dakika nzima: sitini na mbili. Arobaini tu tayari ni hatari. Nikasema kituoni, sasa hivi, si kesho. Lugembe alikuwa ameshaanza kuwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Kwenye kivuko tunachokijua hakupiti mkokoteni, ikabidi tuzunguke juu, karibu na hifadhi ya msitu, ambako mto ni mpana lakini una changarawe. Safari ilichukua saa tano. Mara mbili tulikwama, Lugembe akashuka kusukuma gurudumu kwa bega, nami nikasukuma upande wa pili, matope yanaturukia usoni. Alikuwa anawaita ng'ombe wake kwa majina, taratibu, kama mtu anayewaomba radhi. Mvua ikakatika, jua likachoma, ikarudi tena.

Kabula hakusogea safari nzima. Amemweka mtoto ubavu kifuani, magoti ya mtoto yamekunjwa juu ya mkono wake, kiganja kimeshika nyuma ya kichwa na kukiinamisha mbele, kidole gumba chini ya kidevu. Katikati ya safari, homa ilipotulia kidogo, alimnywesha maji kwa kijiko akiwa hivyo hivyo. Mkokoteni unaruka, na mtoto anameza. Hakupaliwa hata mara moja. Nilihesabu vijiko kumi na nne. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba mtoto hakuwa amelazwa. Alikuwa amekunjwa. Hata ile siku ya kwanza hakuwa amelazwa.

Kituoni walimpokea haraka, wakamwekea hewa ya oksijeni, wakamchoma sindano. Homa ya mapafu. Daktari wa zamu aliuliza, "Huwa anapaliwa akila?"

Kabula akajibu, "Zamani hapana. Tangu Desemba, ndiyo."

Jumatatu, 17 Februari

Anapumua hamsini na moja. Bado ana mpira wa hewa puani.

Nilimpigia Mwalimu Benedikta kutoka nyuma ya jiko la wagonjwa. Alinihoji kama hakimu. Mtoto akikalishwa kwenye kiti, mgongo unafanyaje? Unapinda. Kichwa? Kinakwenda nyuma. Na mama anavyomshika yeye, magoti yamekunjwa? Yamekunjwa. Kidevu? Amekishika kwa kidole gumba. Nani alimfundisha?

"Hakuna," nikasema.

"Mtoto anayekaza hivyo ukimkalisha bila kumkunja magoti na nyonga, kichwa lazima kiende nyuma, na koo linabaki wazi. Mama alikuwa ameshapata jibu. Kiti ndicho kilichokuwa kinampalia." Akavuta pumzi. "Ile video niliitazama mara mbili, Yustina, nikakusifu mbele ya watu. Nilikuwa naangalia kiti. Sikumwangalia mtoto."

 Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mkubwa.

Nilimkuta Kabula amekaa chini kando ya kitanda, anafua kitambaa kwenye beseni. Lugembe alikuwa amekwenda kuwatafutia ng'ombe majani. Nikachuchumaa. Nikamwambia kwa Kinyamwezi, ili nisije nikajificha nyuma ya Kiswahili cha semina: kiti ndicho kilichomtia uji kwenye mapafu. Njia yako ilikuwa sahihi. Nilikukataza kitu kizuri nikakupa kibaya.

Aliendelea kukamua kile kitambaa.

"Najua," akasema.

"Ulijua?"

"Wiki ya kwanza nilijua. Anakohoa, anakataa, analia akikiona."

"Mbona uliendelea kumkalisha? Hata baada ya kunifukuza?"

Akakitandika kitambaa kwenye chuma cha kitanda, akakinyoosha pembe zote nne. "Ulisema mimi ndiye ninayempalia. Miaka minne watu wananiambia mtoto huyu ni kosa langu. Mama mkwe, mganga, kila mtu. Wewe ulikuja na simu, umesoma, ukasema hivyo hivyo." Akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Nikasema basi ni kweli."

 Nilitoka nje nikatembea mpaka barabarani, nikarudi, nikatembea tena. Mlinzi aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 19 Februari

Arobaini na nne. Amekataa dawa, akamtemea nesi. Kabula ametabasamu.

Jumamosi, 22 Februari

Wameruhusiwa. Kabla ya kuondoka Kabula alimwambia mumewe yote, kiti na mimi, huku na mimi nipo. Nilingoja. Lugembe aliuliza swali moja tu: "Na wale wengine ishirini na watatu, wanawapelekea watu viti kama hivi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Inawezekana," nikasema.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Jumapili, 23 Februari

Nimempelekea Mwalimu sauti ya dakika sita. Ameijibu kwa neno moja: Nakusikia. Jioni akaandika kwenye kundi, wote wasitishe kutumia viti mpaka kila mtoto atazamwe upya, na kwamba kosa lilianzia kwenye somo lake. Watu watatu wamejibu kwamba watoto wao nao wanapaliwa. Mmoja wao ni Emilian.

Jumanne, 4 Machi

Nafasi ya Kanyenye amepewa mtu mwingine. Dada Advera alinificha wiki nzima. Nilidhani nitaumia zaidi. Niliumia, lakini nilikuwa na haraka ya kuwahi bani, zamu ya kuchochea moto ilikuwa yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu ameomba kitu: je, mama anaweza kueleza anavyomshika mtoto, wanafunzi wajifunze? Si lazima video. Hata sauti tu, kama video hawataki. Aliniambia, "Na ukiambiwa hapana, ndiyo jibu lenyewe."

Niliomba ruhusa ya kuvuka, nikapewa. Nikawauliza wote wawili pamoja. Video, Lugembe hapana. Sauti, Kabula hapana, sauti yake hapendi itembee. Nikafunga mkoba.

"Andika," akasema Kabula. "Nitasema uandike. Kisha unisomee."

Ilichukua asubuhi nzima. Nilikuwa naandika anavyosema, namsomea, ananisahihisha. Niliandika kiganja chini ya kidevu. "Siyo kiganja. Kiganja kinamziba. Kidole gumba." Niliandika mpe kijiko akimeza. "Hapana. Akimeza, ngoja. Kuna mezo la pili, dogo. Usiposubiri la pili ndipo anapopaliwa." Mezo la pili. Hilo halimo kwenye somo lolote la Mwalimu. Nilimwuliza alilijuaje.

"Nimemlisha mara tatu kwa siku, miaka minne," akasema. "Ningekosaje kujua?"

Lugembe alikuwa nje anachonga mpini, anasikiliza. Mara moja akasema kutoka huko huko, "Mwambie na kuhusu kumwimbia." Kabula akacheka, akakataa hilo nisiandike.

Nilimwuliza jina liwekwe au lisiwekwe. Akafikiri. "Wekeni mama wa Usinge. Ng'washi msimtaje."

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu Benedikta amesoma yale maelezo darasani jana, neno kwa neno, kisha akanyamaza ili watu waandike. Ananisajili kwa kundi la Juni, nianze upya, kuanzia somo la kwanza. Nimekubali. Bado nataka kuondoka hapa. Hilo halijabadilika, na sitaki kuandika uongo kwamba limebadilika. Mabruki amekichukua kile kiti, anakipunguza na kukiinua mbele ili magoti yakunjike. Kabula amesema kitakuwa cha kuchezea tu, chakula hakihusiki.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua inakwenda kwisha. Mto umerudi magotini.

Leo nilifika nikiwa na karatasi ya vipimo vya uzito tu. Kabula alikuwa amekaa na Ng'washi mapajani, bakuli pembeni. Aliniangalia kidogo, kisha akasogea kwenye mkeka. "Kaa," akasema. "Mshike wewe."

Nikasema sijui. Akasema anajua sijui.

Ni mzito kuliko anavyoonekana. Nilipomkunja magoti alikaza, nikataka kumrudisha, Kabula akanigonga kiwiko. "Shusha. Ngoja." Nikangoja. Mwili ukalegea polepole, mpaka uzito wake wote ukawa wangu. Kidole gumba chini ya kidevu. Kijiko. Akameza. Nikapeleka kingine, Kabula akanishika mkono hewani. Koo la mtoto likapanda tena, kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka neno. "Sasa," akasema.

Uji wa bakuli moja ulichukua karibu saa nzima. Mkono ulikufa ganzi, nzi ananitembea shingoni, jasho linaniingia machoni. Mara tatu nilitaka kuuliza kama inatosha. Ng'washi alikuwa ananitazama usoni bila kupepesa, na kila alipomeza alitoa sauti ndogo puani.

Katikati yake Lugembe aliingia kutoka machungani. Alituona, akasimama mlangoni. Nilianza kuinuka nimwamkie, maana ni mkubwa kwangu na niko nyumbani kwake, akanizuia kwa mkono. Akaegemeza fimbo ukutani, akavua kofia, akachuchumaa pale pale kwenye kizingiti, akamwacha bintiye ale.

Kijiko cha mwisho kilipopita, na mezo la pili likapita, ndipo akanisalimia, "Mwadila."

"Mwadila, baba," nikaitikia.

"Amekula?"

"Amekula."

Akainuka, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akatoka naye uani, juani.